Kifua Kinawaka Usiku? Vidokezo 9 vya Kuitumia Akili Unde Kukichunguza Kiungulia

Simama stejini Nyamasaria, hapa Kisumu, useme kifua kinakuchoma, na kabla matatu ya Ahero haijajaa utakuwa umeshapata madaktari watano. Huyu atasema ni alsa, yule ni pilipili, mwingine ataapa ni H. pylori, kondakta atakuagizia maziwa baridi, na mama wa samaki atakushauri upunguze mawazo. Wote wanakutakia mema. Ila unapanda gari ukiwa bado hujui unaumwa nini.

Sasa yupo wa sita, naye yumo mfukoni mwako: akili unde, au AI kama tulivyozoea, ile ya ChatGPT, Gemini na wenzao. Haichoki kuulizwa, na saa nane za usiku iko macho. Inaweza kukusaidia kutenganisha kiungulia cha siku moja, kilicholetwa na mbuta wa kukaanga, na ugonjwa wenyewe wa asidi kupanda kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), unaohitaji matibabu. Lakini yote yanategemea unaiambia nini. Ukiipa maneno mawili, utapata jibu ambalo lingemfaa mtu yeyote. Ukiipa habari zako kamili, utaingia kliniki na maelezo ambayo tabibu yeyote angefurahi kuyapata. Twende kazi!

1. Kwanza, yale ya kukimbilia hospitali

Kuna dalili ambazo hazihitaji simu hata kidogo. Ukitapika damu au kitu cha kahawia chenye chengachenga, ukienda haja na kinyesi ni cheusi kama lami, ugali ukianza kukwama kifuani unapomeza, ukikonda bila kutaka, au ukiambiwa umepungukiwa na damu, nenda hospitali. Na kama kifua kinabana, jasho linakutoka, pumzi inakatika, maumivu yanapanda kwenye taya au kushuka mkononi, huenda ni moyo. Tafuta gari saa hiyohiyo, hata kama umetoka kula pilipili. Shida ya moyo na kiungulia hufanana kiasi kwamba hata daktari hakati shauri mpaka apime moyo kwa mashine. Simu yako haina mashine hiyo.

Hili la chakula kukwama nalisisitiza kwa sababu ya mahali tunapoishi. Saratani ya umio ni kati ya saratani zinazoua watu wengi Kenya, na Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewahudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Aina inayoonekana zaidi huku kwetu si ile inayohusishwa na asidi, kwa hiyo mtu anaweza kuipata bila kuwahi kusumbuliwa na kiungulia. Usikubali programu yoyote ikuambie kukwama kwa chakula ni jambo la kusubiri. Na kwa kuwa tumefika hapo: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hii. Chai iache ipoe kidogo, jamani.

2. Onyesha mahali, usitaje ugonjwa

Ukiandika "nina alsa nifanye nini", AI itakuamini. Itaanza kukufundisha vidonda vya tumbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pengine wewe huna hata kimoja. Badala yake ieleze unachohisi: panawaka wapi, saa ngapi, kitu gani kinapanda, na nini kinakutuliza. Kiungulia huanzia nyuma ya kidari na kupanda kuelekea kooni, hasa baada ya kula, ukiinama au ukilala, na mara nyingi kinakuachia uchachu mdomoni. Maumivu ya kidonda hupenda kukaa chini zaidi, pale kwenye chembe ya moyo. Tofauti hiyo si ya kuapia, ila ni pazuri pa kuanzia.

Huu hapa mfano. Unakili, ubadilishe uwe wako:

"Mimi ni mwanamke wa miaka 38, si mjamzito. Kwa mwezi mzima nasikia moto nyuma ya kidari unaopanda hadi kooni, siku nne kwa wiki, zaidi nikilala. Maji machungu hupanda mdomoni. Nakula saa tatu usiku, nalala saa nne. Nimemeza Brufen kwa ajili ya goti kwa wiki mbili. Sijakonda, simezi kwa shida, sijatapika damu, kinyesi ni cha kawaida. Niulize maswali kumi, moja baada ya jingine, kabla ya kunipa maoni yako. Kisha nitajie mambo matatu yanayoweza kuwa chanzo, na kwa kila moja niambie ni kipi katika maelezo yangu kinacholiunga mkono na kipi kinacholipinga."

Umeona sentensi mbili za mwisho? Hapo ndipo utamu ulipo! Unaizuia isikimbilie jibu, na inalazimika kukuuliza yale uliyoyasahau, kama yule tabibu mzuri anayekuuliza unalalia mto mmoja au miwili.

Kiswahili kinatosha kabisa, usihangaike na Kiingereza cha hospitali. Na kama uchungu wako unauelezea vizuri zaidi kwa Kidholuo, andika kwa Kidholuo, halafu iambie: "Nirudishie kwa Kiswahili ulichoelewa." Soma. Kama sivyo ulivyomaanisha, irekebishe kabla hamjaendelea.

3. Maswali sita, alama 18, dakika tano

Hiki ndicho kidokezo changu kipenzi. Kuna dodoso fupi linaloitwa GerdQ, lililochapishwa mwaka 2009, ambalo madaktari wa huduma za afya ya msingi hulitumia kwa ugonjwa huu. Linauliza kuhusu siku saba zilizopita tu. Ni siku ngapi ulisikia moto nyuma ya kidari? Siku ngapi maji au chakula kilipanda kooni au mdomoni? Siku ngapi uliumwa chembe ya moyo? Siku ngapi ulisikia kichefuchefu? Siku ngapi usingizi ulikatika kwa sababu ya moto huo au chakula kupanda? Siku ngapi ulimeza dawa nyingine juu ya zile ulizoandikiwa?

Majibu ni manne: hakuna, siku 1, siku 2 hadi 3, au siku 4 hadi 7. Moto, chakula kupanda, usingizi na dawa za ziada hupata alama 0 hadi 3 kadiri siku zinavyoongezeka. Maumivu ya chembe ya moyo na kichefuchefu huhesabiwa kinyume: ukiwa huna kabisa unapata 3, ukiwa nayo karibu kila siku unapata 0. Ndiyo, umesoma sawasawa. Hizo mbili mara nyingi huelekeza kwingine, kwenye tumbo lenyewe, kwa hiyo zinapunguza uzito wa kesi ya kiungulia. Jumla ikifika 8 au zaidi, uwezekano wa ugonjwa wa asidi unapanda.

Tumhesabie yule dada wa goti. Moto siku nne, alama 3. Maji machungu siku tatu, alama 2. Chembe ya moyo haimuumi, alama 3. Kichefuchefu siku moja, alama 2. Usingizi ulikatika siku mbili, alama 2. Dawa ya kemisti siku moja, alama 1. Jumla 13. Ana kila sababu ya kwenda kumwona tabibu!

Iambie AI ikuulize maswali ya GerdQ moja moja na kukuonyesha hesabu yake wazi. Kisha ihakiki kwa vidole vyako, hasa yale mawili ya kinyume, maana hapo ndipo inapoweza kuteleza. Na uyajue mapema mapungufu ya dodoso lenyewe: lilipopimwa, liliwatambua kama wagonjwa 65 katika kila 100 waliokuwa na ugonjwa, na likawaondoa kwa usahihi 71 katika kila 100 wasiokuwa nao. Hiyo ni fununu nzuri ya kupeleka kliniki. Uamuzi unabaki wa tabibu.

4. Tafuta matofali

Jaribio la wiki mbili, halina gharama! Wiki ya kwanza ishi ulivyozoea. Kila asubuhi irekodie AI kwa sauti sentensi tatu: ulikula nini na saa ngapi, ulilala saa ngapi, usiku ulikuwaje. Wiki ya pili weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kichwa kiinuke sentimita 15 hadi 20. Lala ubavu wa kushoto, maana ukilala hivyo tumbo linakaa chini ya mlango wa umio na asidi haipandi kwa urahisi. Chakula cha mwisho kiwe saa tatu kabla ya kulala. Kama unalala saa nne, kuon (ugali) na omena ziwe mezani kabla ya saa moja.

Wiki ya pili ikiisha, iambie AI ikupangie jedwali la wiki hizo mbili. Moto ukipungua sana kwa kubadili mlalo na saa ya kula tu, umempa tabibu dalili nzuri. Usipopungua hata kidogo, hiyo nayo ni habari.

Mito mitatu chini ya shingo haifanyi kazi ya matofali, kwa sababu inakukunja tumbo.

5. Piga picha kila paketi

Mwaga mkoba, kabati na ile droo ya jikoni. Zipange dawa zote mezani, piga picha, iulize AI: "Ni ipi kati ya hizi inayoweza kuleta au kuzidisha kiungulia, na ipi inayoweza kuleta vidonda?" Hakikisha imesoma majina herufi kwa herufi. Brufen, diklofenaki na aspirini huumiza tumbo zikizoeleka. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini, hulegeza ule mlango unaozuia asidi kupanda. Sikuambii uiache dawa ya presha, hata siku moja! Nakuambia uiulizie.

Halafu omeprazoli. Watu wengi huinunua kemisti, wakaimeza baada ya kula au wakati wa kulala, kisha wakatangaza kwamba haifanyi kazi. Dawa hii hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Usipoieleza AI jinsi ulivyoimeza, itahesabu kwamba ulitibiwa ukakosa nafuu, na itakupeleka kwenye magonjwa mengine kabisa.

6. Iulize: "Na kama si kiungulia?"

AI hupenda kukubaliana nawe. Ukishaitajia kiungulia mara tatu, nayo itaimba kiungulia. Kwa hiyo, mazungumzo yakifika mwisho, andika: "Sasa nipinge. Nipe sababu za nguvu kwamba hiki si kiungulia." Utashangaa! Ndipo yatakapotokea mawe ya nyongo, moyo, misuli ya mbavu, na yule bakteria wetu, Helicobacter pylori.

Huyu bakteria ameenea sana Kenya. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Ila vipimo vyake vina mtego. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili wako uliwahi kukutana naye, hata kama alishaondoka zamani. Kipimo cha choo cha antijeni, au cha pumzi, ndicho kinachosema kama yupo sasa. Na ukikifanya huku unameza omeprazoli, kinaweza kukudanganya kwamba hayupo. Kwa kawaida dawa hiyo husimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne. Mwulize tabibu kabla ya kulipia.

7. Mama mjamzito, hiki ni chako

Kiungulia wakati wa ujauzito ni jambo la kawaida mno na mara nyingi huisha ukijifungua. Kenya tuna huduma ya ujumbe mfupi ya PROMPTS, ya shirika la Jacaranda Health, inayojibu maswali ya kina mama kwa SMS, na akili unde husaidia kuyachambua ili yale ya hatari yafike haraka kwa wahudumu. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilitoa UlizaLlama, modeli ya lugha iliyofunzwa kwa Kiswahili. Ukijiandikisha kliniki ya wajawazito, ulizia kama wanaitumia PROMPTS.

Ila dada, sikiliza. Mimba ikishapita wiki 20, maumivu ya juu ya tumbo pamoja na kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au uso kuvimba yanaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachonyemelea. Usikubali mtu wala simu akuambie ni kiungulia. Kapimwe presha siku hiyohiyo.

8. Ujue AI ya daktari iko tofauti na yako

Ya simuni inajua yale tu unayoiambia au kuionyesha. Nyingine zimefunzwa kusoma picha za kamera inayoingizwa kupitia mdomoni hadi kwenye umio, ile endoskopi. Madaktari hupima michubuko ya asidi kwa madaraja manne ya Los Angeles, A hadi D. Daraja A ni mchubuko usiozidi milimita 5. D ni michubuko iliyozunguka angalau robo tatu ya umio. Watafiti wamefunza kompyuta kwa picha nyingi za namna hiyo ili zisaidie kuyatambua madaraja haya, kwani madaktari wawili wanaweza kutofautiana juu ya picha moja. Siku hizi daraja A peke yake halitoshi kuthibitisha ugonjwa; B kwenda juu ndilo linalohesabika. Na wagonjwa wengi wenye kiungulia cha kweli umio wao unaonekana safi tu kwenye kamera, kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa hakuna kilichoonekana.

Hapo huja kipimo cha asidi cha saa 24: mrija mwembamba kupitia puani, unaorekodi ni kwa muda gani asidi imekaa kwenye umio. Ikizidi asilimia 6 ya muda, ugonjwa umethibitika. Ni kama dakika 86 kwa siku nzima. Ikiwa chini ya asilimia 4, hiyo ni kawaida. Kusoma mistari ya kipimo hiki ni kazi nyingine ambayo watafiti wanaifundisha kompyuta.

Na je, huku kwetu? Mfano mzuri uko Nairobi. Mwaka 2025 kliniki za Penda Health, kwa kushirikiana na OpenAI, zilitoa matokeo ya mfumo wao wa AI Consult. Mfumo huo hukaa ndani ya kompyuta ya tabibu, unasoma anachoandika, kisha unawasha rangi: kijani endelea, njano angalia tena, nyekundu simama usome hili kwanza. Waliufuatilia katika ziara 39,849 za wagonjwa kwenye kliniki 15. Matabibu waliokuwa nao walifanya makosa ya utambuzi machache kwa asilimia 16, na ya matibabu machache kwa asilimia 13, kuliko wenzao wasiokuwa nao. Haukuwa utafiti wa kiungulia; ulikuwa wa magonjwa ya kila siku yanayoingia mlangoni. Kinachonifurahisha ni kwamba tabibu alibaki kitini, akashika shingo, akabonyeza tumbo, na uamuzi ukawa wake. Natamani sana kuiona rangi hiyo ya njano ikiwaka katika zahanati zetu za Kisumu.

9. Nusu ukurasa, dakika moja

Siku ya kliniki imefika, iwe ni zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado tunaiita Russia. Foleni ni ndefu, tabibu ana wagonjwa nje. Iambie AI: "Fupisha haya yote yaingie nusu ukurasa: dalili, muda, alama za GerdQ, matokeo ya matofali, dawa zote na jinsi nilivyozimeza, dalili za hatari nilizonazo na nisizonazo. Usiandike jina la ugonjwa." Hilo la mwisho ni muhimu. Tabibu hataki kuambiwa na simu unaumwa nini, na akisoma dalili tupu atafikiri mwenyewe. Nakili kwa kalamu, umkabidhi: "Daktari, nimeandika ili nisisahau."

Jina lako, nambari ya kitambulisho na ya bima ya afya ya SHA zisiingie kwenye mazungumzo ya AI. Umri na jinsia vinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaja habari za afya kuwa nyeti, nawe zichukulie hivyo.

Akikuandikia dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi atakupa wiki nane kuijaribu ikiwa huna dalili za hatari. Weka kikumbusho simuni cha asubuhi, nusu saa kabla ya chai. Rudia GerdQ wiki ya nne na ya nane, na uiweke karatasi ya kwanza karibu ulinganishe. Wiki ya nane ikifika na moto bado upo, rudi na karatasi zote, umwulize tabibu kuhusu kamera.